Mshukiwa wa Taifa la Kiooni

Wanaopenda hadithi wasogee, na wasiopenda wakae hapo hapo walipo. Sauti itawafikia tu.

Alikuwapo Bi Mashavu Kheri, fundi wa cherehani, mtu wa Pangani, mwenye miaka hamsini na tisa na vidole ambavyo havijapata kukosa tundu la sindano. Sifa zake zilitembea kuliko miguu yake, na siku moja akaitwa katika nchi ya Kiooni kushona makoti arobaini ya wapelelezi wa serikali. Njia aliyopita haina kisa. Alikwenda, akafika.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni joto. Jua la Kiooni hukausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Na makoti aliyoagizwa yalikuwa ya sufu nzito, meusi, marefu mpaka visiginoni, yenye kola za kusimama.

"Afande," alimwuliza Inspekta Ngurumo, mkuu wa wapelelezi, alipokuwa akimpima mabega, "hapa kwenu huwa pana baridi?"

"Haijawahi kutokea."

"Sasa sufu ya nini?"

"Mpelelezi akigeuka ghafla," Inspekta alijibu, "koti lazima lipepee. Kitambaa chepesi kinapepea kabla ya mtu. Kinaharibu maana."

Bi Mashavu aliandika vipimo vyake. Mgeni hasemi yote siku ya kwanza.

Ndipo alipoelezwa habari za nchi. Kiooni kulikuwa na tamthilia moja ya runinga, ya wapelelezi na wahalifu, ikionyeshwa kila siku saa nane mchana. Zamani tamthilia iliwaigiza polisi. Baadaye, hakuna anayekumbuka mwaka, polisi wakaanza kuiigiza tamthilia, na mwisho Bunge likachoka kutofautisha, likapitisha Sheria ya Dakika Arobaini na Nne. Kwa sheria hiyo kila kosa hupelelezwa, husikilizwa na kuhukumiwa kwa dakika arobaini na nne mbele ya kamera, pamoja na mapumziko mawili ya tangazo la sabuni.

Mengine yalifuata yenyewe. Wapelelezi wa Kiooni huingia katika nyumba ya mtu mchana kweupe, hufunga madirisha, kisha huwasha kurunzi. Mtu akitaka kusema jambo zito, humpa mwenzake mgongo na kuliambia dirisha. Simu hukatwa bila kuagana, na hili lilimwuma Bi Mashavu kuliko sufu, maana siku tatu za kwanza alidhani amemkosea kila aliyempigia. Picha ikiwa haionekani vizuri, Inspekta husema "Kuza!" na koplo mmoja mwenye penseli huichora upya kubwa zaidi, akiongeza yale ambayo hayakuwamo.

Lakini sheria iliyoshika nchi nzima ni ile ya gemu. Katika tamthilia, kila ifikapo dakika ya kumi, wapelelezi huvunja mlango wa chumba chenye giza, humkuta mtu mbele ya kompyuta, na Inspekta husema kwa sauti ya chini: "Anacheza gemu." Hapo upelelezi huwa umekwisha. Kinachobaki ni kumkimbiza.

Watu walipoona hivyo kwa miaka mingi, Bunge lilipiga marufuku gemu zote. Mashine elfu ishirini zikafukiwa ardhini. Mwaka uliofuata watu walipigana kama kawaida, halikupungua hata kofi moja. Bunge likakaa wiki tatu kujadili. Upande mmoja ulisema ukatili unaendelea kwa sababu gemu zimebaki ndani ya vidole vya watu. Upande wa pili ulisema zile mashine zilizofukiwa zimechipua. Rai ya tatu haikutolewa, kwa kuwa vipaza sauti vilikuwa viwili.

Kisha wakagundua balaa lenyewe: nchi imeishiwa wacheza gemu. Dakika ya kumi inafika, mlango unavunjwa, ndani yumo mtu anakula mihogo. Ndipo serikali ikaunda cheo cha Mshukiwa wa Taifa. Mshukiwa alipewa mshahara, nyumba yenye giza, fulana yenye kofia ya kufunika uso, na kibali cha pekee cha kucheza gemu. Kila likitokea kosa hukamatwa yeye, hukana, huhukumiwa, na keshoye hurudi kazini.

Basi asubuhi moja, kama saa nne, Bi Mashavu alikuwa katika chumba chake cha kazi, pasi inapata moto, Inspekta Ngurumo amesimama juu ya kigoda apimwe urefu wa pindo. Kelele zikaja kutoka mtaani. Walipotoka walimkuta Faki, mwokaji mikate, amekaa kibarazani kwake na kitambaa chenye damu kichwani. Mbele yake alisimama jirani yake, Hamdu, mtu mnene mwenye kutweta, na mkononi ana mchi.

"Afande," Hamdu alisema, "ni mimi. Nimempiga na mchi huu."

Inspekta alimtazama kwa huruma. "Bwana, tupishe. Hapa pana upelelezi."

"Nasema nimempiga mimi! Kwa ajili ya mtaro wa—"

"Mtaro!" Inspekta akawageukia wenzake, na koti lake la zamani likapepea. "Mnasikia? Tunatafuta chanzo cha ukatili, huyu anatuletea mtaro."

"Ni Hamdu kweli," Faki alisema kutoka pale chini. "Nilimwona."

"Majeruhi hasemi mpaka dakika ya arobaini," koplo akamwambia kwa upole, akamlaza chali.

Bi Mashavu alitaka kucheka, akatazama nyuso za watu, akaona hakuna anayecheka. Wakarudi wote chumbani kwake ili Inspekta achukue kofia. Na hapo, juu ya meza ya kupigia pasi, simu ya Bi Mashavu ikapiga zumari, na sauti nyembamba ya kike ikatangaza: "Hongera! Umepasua mapapai kumi na mawili!"

Ilikuwa gemu yake ya Mapapai Matatu. Pasi ikichelewa kupata moto, yeye hupanga mapapai ya rangi moja yakawa matatu, yakapasuka, yakamwaga mbegu. Hana mume wa kugombana naye, na mjukuu wake ndiye aliyemwekea.

Inspekta Ngurumo akatoa miwani ya jua, akaivaa taratibu.

"Kumbe fundi wetu," alisema, akiliambia dirisha, "hashoni nguo tu."

Askari wa tarumbeta, ambaye humfuata Inspekta kila aendako kwa ajili ya maneno kama hayo, akapuliza.

Walimfungia katika chumba kimoja na mtu mwembamba mwenye fulana ya kofia, aliyekuwa akisoma kitabu cha mbolea kwa kukisogeza karibu na pua.

"Karibu, dada," alisema akiinuka. "Mimi Sudi. Mshukiwa wa Taifa."

"Nimekaribia, mdogo wangu. Na wewe umefanya nini?"

"Mwaka huu? Wizi wa mifugo kumi na minne, kuchoma ghala, kumng'ata karani sikio." Alihesabu kwa vidole. "Sikio lile nilikuwa hospitali nafanyiwa upasuaji, lakini walisema ndiyo hila yenyewe."

Sudi alimweleza mambo yalivyo. Amekaa katika cheo miaka kumi na tisa. Macho yamechoka, daktari amemkataza vioo vya kompyuta, na barua ya kustaafu imeshaandikwa. Serikali ilikuwa haijui itamweka nani. "Jana Waziri alilia," alisema. "Leo wewe umepatikana na papai. Wanakuita zawadi."

"Watanifanya nini?"

"Miaka saba ya cheo hiki, na kila baada ya hukumu Chumba cha Majuto. Unakaa dirishani unatazama mvua. Hakuna mvua huku, ni zimamoto wanamwaga na mpira, kwa hiyo unapata mafua."

Bi Mashavu akakaa. Alimfikiria mjukuu wake, akafikiria cherehani yake itakavyoshika kutu, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaogopa kweli. Kisha hasira ikaupita woga. "Na yule Hamdu aliyekuja na mchi mkononi?"

"Yule," Sudi alisema, akafunga kitabu. "Mimi nilikuwa bustanini, namwagilia nyanya zangu. Ua wangu unatazamana na kwao. Niliona kila kitu."

"Sasa mbona husemi?"

"Mshukiwa anaruhusiwa maneno mawili, dada. 'Sikuhusika' na 'Mtajuta.' La pili nikiwa natabasamu."

Saa nane kamili taa za mahakama zikazimwa, kurunzi zikawashwa, kamera zikaanza kuzunguka. Juu alikaa Hakimu Wastara, mwanamke mzito wa kimya, aliyezoea kutoa hukumu akiitazama saa ya ukutani. Nchi nzima ilikuwa mbele ya runinga. Maduka yalifungwa, na hata wagonjwa waliahirisha homa.

Akaitwa Daktari Yakini, Mtaalamu Mkuu wa Gemu, mtu aliyeandika vitabu kumi na moja juu ya gemu bila kuigusa hata moja, kwa kulinda usafi wa utafiti.

"Mheshimiwa," alisema, akainua simu ya Bi Mashavu kwa koleo, "tuanze na jina. Papai. Papai lina umbo gani? La kichwa! Mchezaji anafanya nini? Anavipanga vichwa vitatu. Halafu?"

"Halafu?" umati ukauliza.

"Vinapasuka!"

Mama mmoja alizirai mstari wa nyuma. Daktari Yakini akaonyesha mchoro wa ubongo wa Bi Mashavu, ambao koplo alikuwa ameukuza mpaka ukaonekana una meno. Ikafuata sabuni. Baada ya sabuni Inspekta alitembea mbele ya mshtakiwa mara sita, akampa mgongo, akauliza: "Ulipopasua papai la kumi na mbili, ulijisikiaje?"

"Nilijisikia pasi imepata moto," Bi Mashavu akajibu.

"Hana majuto," Inspekta akaliambia dirisha.

"Mimi ndiye niliyempiga!" Hamdu alipaza sauti kutoka katikati ya watazamaji. "Mnisikilize japo kidogo!"

"Kimya," akasema mlinzi. "Utatukosesha sehemu nzuri."

Ilikuwa dakika ya thelathini. Hakimu akamwuliza Bi Mashavu, kama desturi ilivyotaka, kama ana neno kabla ya kulia machozi. Bi Mashavu akasimama. Hakulia.

"Mheshimiwa, mimi ni fundi," alisema. "Mteja akiniambia kitambaa hiki kinachuja, sibishani naye. Nakitia majini, tunatazama wote. Mnasema gemu hii inamgeuza mtu mnyama. Mimi nimeicheza miaka minne, labda nimeshageuka na sijijui. Mpeni Daktari aicheze hapa, nchi nzima imwone anavyoota kucha."

Umati ukaguna kwa furaha. Jambo kama hilo halikuwahi kuonekana. Mtayarishaji wa kamera alisimama juu ya kiti akipunga mikono: ndiyo, ndiyo! Hakimu Wastara aliitazama saa, akautazama umati, akasema, "Daktari, cheza."

Daktari Yakini alitokwa na jasho. Askari wanne wakamzunguka na kamba, tayari kumfunga atakapobadilika. Akaigusa simu kwa ncha ya kidole.

Papai likasogea. Hakuota kucha.

Akasogeza jingine. Yakapangana matatu, yakapasuka kwa mlio wa tone la maji, mbegu zikamwagika, na ile sauti nyembamba ikasema: "Vizuri sana!"

"Ameniambia vizuri sana," Daktari alisema polepole.

"Endelea," Hakimu akaamuru. "Kwa ajili ya ushahidi."

Akaendelea. Akashindwa, akaomba arudie. Akapanda ngazi ya pili. Akakwama kwenye papai la manjano lililofungiwa pembeni, akang'ata mdomo, na askari mmoja wa kamba akashindwa kujizuia: "Daktari, kushoto! Kushoto pale!"

"Si kushoto," akasema Inspekta Ngurumo, akivua miwani ili aone vizuri. "Shusha la kijani kwanza."

"Afande, ukishusha la kijani unaziba njia!"

"Nani anaziba njia? Lete hapa!"

"Nyote hamjui," alisema Hakimu Wastara, ambaye hakuna aliyemwona akishuka kitini. "Mnayapanga kama mnapanga kuni. Nipeni."

Bi Mashavu alibaki peke yake kizimbani, akiwatazama. Simu ilipita mkono hata mkono. Watu wa mstari wa mbele walipanda juu ya viti, wa nyuma wakauliza limepasuka, wa mbele wakawajibu bado, bado, ngoja, na yule mama aliyezirai alizinduka akaomba zamu yake. Tangazo la pili la sabuni lilisahauliwa. Hakimu alipolipasua lile papai la manjano, mahakama nzima ikapiga kelele kama uwanja wa mpira, na katikati ya kelele hizo kengele ikalia.

Dakika ya arobaini na nne ilikuwa imekwisha. Taa nyekundu za kamera zikazimika moja baada ya moja. Kwenye runinga za Kiooni ikaja habari ya hali ya hewa, ambayo hakuna aliyewahi kuiona: jua, na kesho jua.

Hakukuwa na hukumu.

Hakimu aliirudisha simu kwa Bi Mashavu, akatengeneza joho lake kwa aibu kidogo, akaomba kitabu cha sheria. Alifungua kurasa zilizogandamana. "Kesi isiyokwisha kwa dakika arobaini na nne," akasoma, "itasikilizwa kwa njia ya kawaida." Akainua macho. "Njia ya kawaida ni ipi?"

Watu wakatazamana. Inspekta aliligeukia dirisha, lakini hakuwa na la kuliambia.

"Mimi mgeni," Bi Mashavu akasema, "ila kwetu tungewasha taa, halafu tungeuliza nani ana la kusema."

Wakawasha taa. Wengi walikuwa hawajawahi kuonana sura humo ndani. Mmoja alimgundua shemeji yake. Hakimu akauliza: "Nani ana la kusema?"

Hamdu aliinua mkono ulioshika mchi.

Alizungumza saa nzima, kwanza kwa sauti ya juu kama aliyezoea kukatizwa, kisha, alipoona hakuna anayemkatiza, kwa sauti ya chini. Maji ya bafu la Faki yanatoka ukutani na kuingia katika ua wake, miaka sita sasa. Kuku wake wamekufa, na ukuta wa jiko umeanguka. Binti yake aliteleza akavunjika mkono. Amekwenda ofisi ya mtaa mara saba, na kila mara anaambiwa karani wa mitaro amekwenda kusaka wacheza gemu. Asubuhi ile maji yalifika kitandani. Akachukua mchi.

"Nilikosea," alisema. "Mtu hapigwi mchi. Nilijua nakosea hata nilipokuwa nauinua. Nilikuja kusema hivyo tangu saa nne."

Hakimu aliweka kalamu. "Yupo aliyeona?"

Katika kona ya mahakama kofia ya fulana ikasogea nyuma, na watu wakaona kwa mara ya kwanza nywele za Mshukiwa wa Taifa. Zilikuwa zimeingia mvi.

"Mimi niliona," Sudi alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Mheshimiwa, kwa miaka kumi na tisa nimeulizwa nilikuwa wapi. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa nimeona nini. Nikianza, mtanivumilia?"

"Sema."

Akasema. Akaeleza mchi, akaeleza maji, akaeleza jinsi Hamdu alivyoutupa ule mchi na kumfunga Faki kitambaa kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuuokota tena na kungoja kujisalimisha. Halafu hakuweza kunyamaza. Akaeleza mifugo kumi na minne ilipo, na nani alimng'ata karani, maana mtu anayekaa chumba chenye giza huona vizuri yaliyo nje. Watu watatu waliondoka mahakamani haraka. Inspekta Ngurumo akawafuata bila kusubiri tarumbeta, na kwa kuwa alikimbia kweli, koti lilimtatiza akalivua njiani.

Bi Mashavu aliachiliwa, akaombwa radhi na kupewa chai. Hamdu alihukumiwa kumkandia Faki unga kila alfajiri kwa miezi sita. Na kwa sababu maji yalikuwa bado yanaingia uani, Hakimu Wastara akaagiza majembe.

Kesho yake mahakama nzima ilihamia uani kwa Hamdu. Hakimu alipiga kamba ya kupimia, wapelelezi wakachimba, Daktari Yakini akasomba udongo na kutaka kujua, kwa ajili ya kitabu cha kumi na mbili, jembe hushikwa upande gani. Sudi alileta nyanya. Kamera hazikuja, maana mtayarishaji alisema hakuna mtu duniani atakayetazama watu wakichimba mtaro. Lakini ilipofika saa tisa, umati uliosimama kwenye kuta na juu ya mapaa ulikuwa mkubwa kuliko wa mahakamani, na kila jiwe lililong'olewa lilipigiwa makofi.

Alasiri Faki aliingia bafuni kwake, akamwaga ndoo. Watu wakazuia pumzi. Maji yakachungulia ukutani, yakasita, yakashuka mtaroni, yakaupita ua wa Hamdu bila kumsalimia mtu, yakaenda zake bondeni. Kelele zilizopigwa hapo zilimwamsha Waziri ofisini kwake.

Hamdu alisimama ukingoni, matope mpaka magotini. Faki alitoka, kitambaa kichwani, akasimama karibu naye. Wakayatazama maji pamoja.

"Bwana Hamdu," Faki akasema mwishowe, "ungegonga mlango kwanza, kabla ya kugonga kichwa."

"Niligonga," Hamdu akajibu. "Mara tisa. Ulikuwa unatazama tamthilia."